Jana Ulishika Nini?

Mama ameketi kwenye benchi la kituo cha afya, huku Kanama, wilayani Rubavu, Rwanda, na hii ni mara yake ya tatu tangu masika yaanze. Anakohoa. Mara ya kwanza alipewa vidonge, mara ya pili akapewa vingine vikali zaidi, na makohozi yake yamepimwa kifua kikuu bila kuonekana kitu. Kwenye kadi yake, pale panapoulizwa kazi, pameandikwa neno moja: mkulima.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Mkulima tu, muganga."

"Sawa. Na jana, tangu kulipokucha, ulishika nini?"

"Jana? Jana nilikuwa kwenye kokoto."

Mama huyu si mtu mmoja. Mtu yeyote anayeijua barabara ya kutoka Mahoko kushuka Gisenyi amemwona: kichwa chini, nyundo mkononi, rundo la mawe yaliyopasuliwa mbele yake likisubiri lori. Kokoto ni kazi yake ya siku nne kwa wiki. Msimu wa majani ukishika anachuma chai. Viazi vikianza kupata ukungu, anambebea mumewe maji ya kuchanganyia dawa. Neno "mkulima" si uongo. Ila limezificha kazi tatu, na huenda mojawapo ndiyo inayomkohoza.

Ushauri huu nauelekeza kwanza kwa kijana aliyemaliza udaktari, au anayekaribia kumaliza, ambaye bado hajajua atasomea nini zaidi. Mwajiri na mfanyakazi nao wausome, kwa sababu daktari wa afya kazini hawezi kufanya lolote bila wao. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: daktari huyu ana wagonjwa wawili, mtu na mahali anapofanyia kazi. Akimtibu mtu kisha akamrudisha mahali palepale palivyokuwa, atamwona tena kwenye benchi.

Swali la kazi lina umri mrefu. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena kule Italia, alichapisha mwaka 1700 kitabu kizima juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na humo akawataka matabibu waongeze swali moja kwenye yale waliyorithi kwa Hippocrates: unafanya kazi gani? Mwenyewe alianza kuliwaza jambo hilo baada ya kumwona mzee akizoa choo nyumbani kwake kwa haraka isiyo ya kawaida. Alipomuuliza kwa nini anakimbiza kazi hivyo, mzee akamjibu kwamba anayekaa mle shimoni kwa muda mrefu huharibika macho. Kumbukeni kwamba aliyefundisha siku hiyo alikuwa mzoa choo, na tabibu alikuwa mwanafunzi.

Lakini huku kwetu swali la Ramazzini halitoshi kama lilivyo. Ukimuuliza mtu wa Rubavu kazi yake, atakutajia ile yenye heshima, au ile iliyo kwenye kitambulisho. Muulize siku yake. Aliamka saa ngapi, akaenda wapi, akabeba nini, akavuta hewa gani, alinawa mikono kabla ya kula au hakunawa. Muulize pia mwaka wake, kwa maana kazi huku hufuata mvua. Na muulize kazi alizoacha. Mtu anaweza kuwa bawabu leo, na mapafu yake bado yana vumbi la mgodi alioutoka miaka 15 iliyopita.

Nikae kidogo kwenye vumbi, maana ndipo madaktari wengi wazuri wanapojikwaa. Mawe yanatofautiana. Jiwe jeusi la volkano, lile la Nyiragongo ambalo majengo mengi ya Goma yamesimama juu yake, karibu halina kwazi. Vumbi lake linawasha, vipande vyake vinaruka machoni, na mgongo wa anayelipasua huumia. Jiwe jeupe linalong'aa, kwazi yenyewe, na miamba inayobeba madini ya koltani na kasiteriti katika milima ya Rutsiro jirani yetu, ni hadithi nyingine. Vumbi laini la kwazi, lile ambalo hata jicho halilioni likielea, hushuka hadi mwisho wa mapafu na kubaki humo. Linaacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kulivuta, hauna dawa ya kuuponya, na humfungulia mlango kifua kikuu. Kwa hiyo swali la pili kwa mama wa kokoto, baada ya kujua kwamba anapasua mawe, ni hili: mawe hayo yanatoka wapi, na yana rangi gani? Mwambie akuletee kipande. Kitakaa mezani pako na kukufundisha zaidi ya kurasa nyingi.

Chai nayo ina lugha yake. Watu wengi wakifikiria hatari za chai huona kikapu mgongoni na mteremko wenye utelezi, na si kosa, maana magoti na viuno vya wachumaji vinachakaa mapema. Lakini ingia ndani ya kiwanda cha chai, Pfunda au popote pale kwenye nchi yetu ya vilima. Mashine za kusaga majani zina kelele. Ukilazimika kumpigia mwenzako kelele naye yuko hatua moja tu mbele yako, jua kwamba umefika karibu na desibeli 85, kiwango ambacho masikio yakikipata kwa saa nane kila siku huanza kupoteza uwezo. Vikausho vina joto. Na chumba cha kuchekecha na kupanga madaraja kina vumbi la chai, ambalo kwa baadhi ya watu huamsha pumu. Pumu ya namna hii ina dalili ambayo hakuna mashine itakayokuonyesha usipouliza: kifua kinambana mtu siku za kazi, hasa jioni na usiku, kisha kinafunguka Jumapili. Akienda likizo wiki mbili anapona kabisa, akirudi inarudi. Ukisikia hivyo, usikimbilie kumwandikia dawa ya kupuliza na kumuaga. Mpe kadi na kifaa kidogo cha kupulizia, apime pumzi zake mwenyewe mara nne kwa siku, siku za kazi na siku za mapumziko, kwa wiki mbili au tatu. Mstari utakaochorwa kwenye kadi hiyo ndio utakaozungumza na meneja.

Viazi. Kutoka huku kupanda Nyabihu, viazi ndio uchumi, na ukungu wa viazi haumsubiri mtu. Watu hubeba bomba la mgongoni linalovuja, wananyunyizia dawa wakiwa peku, na nguo hiyohiyo mtu anarudi nayo nyumbani na kumpakata mtoto. Dawa nyingi za ukungu huwasha ngozi na macho. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfati ndizo za kuogopewa zaidi: mate yanamwagika, jasho linatoka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, tumbo linaharisha, misuli inarukaruka. Mgonjwa wa namna hii avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, na aanzishiwe atropini mapema. Hapo ni tiba ya dharura, na daktari yeyote ataifanya. Daktari wa afya kazini huanza miezi kadhaa kabla. Huwapima damu wanyunyiziaji wa ushirika kabla ya msimu ili kujua kiwango cha kolinesterasi, kimeng'enya kinachodhoofishwa na dawa hizo, cha kila mmoja akiwa mzima, kisha huwapima tena msimu ukiendelea. Kikishuka sana, mtu huyo hupumzishwa kunyunyizia kabla hajaanguka. Bila kipimo cha mwanzo, kipimo cha katikati hakikuambii mengi, kwa sababu watu hawakuumbwa na kiwango kimoja.

Sasa, haya yote mtu huyajifunzia wapi?

Njia ni ndefu na sitaki kuipamba. Kwanza unakuwa daktari kamili: chuo, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini, kisha usajili katika baraza la madaktari. Halafu nakushauri ukae miaka miwili au mitatu katika hospitali ya wilaya, kwa sababu daktari wa kazi asiyeujua ugonjwa wa kawaida atauona ugonjwa wa kazi kila mahali. Baada ya hapo ndipo masomo yenyewe. Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kina idara ya afya ya mazingira na afya kazini ndani ya shule yake ya afya ya jamii. Chuo Kikuu cha Cape Town kina diploma ya afya kazini inayowafaa madaktari wanaoendelea na ajira, na pia njia ndefu ya ubingwa. Kabla hujalipa ada popote, soma mtaala na utafute mambo haya: elimu ya sumu, epidemiolojia, upimaji wa vumbi na kelele, kupima mapafu na usikivu, kusoma picha za kifua kwa kuzilinganisha na picha za kiwango za Shirika la Kazi Duniani, sheria za kazi, na maadili. Kisha uliza swali moja zaidi: wanafunzi wanatembelea sehemu za kazi mara ngapi? Masomo ya afya kazini yasiyovuka mlango wa darasa ni kama kujifunza kuogelea ukiwa nchi kavu.

Na kama huna nafasi ya kwenda mbali, usikae ukisubiri. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kujifunza kutumia vizuri spiromita, kifaa cha kupima mapafu. Mshauri wa afya wa kijiji anajua nani anachimba mchanga katika mto Sebeya na nani anavuka mpaka mdogo kwenda Goma na mzigo kichwani. Ana rejista kichwani ambayo hakuna wizara iliyonayo. Mkaguzi wa kazi wa wilaya ana mamlaka ambayo daktari hana. Kusanyeni vichwa. Daktari mmoja aliyesomea jambo hili, akizungukwa na watu hawa, anaweza kuhudumia kiwanda, ushirika wa viazi na machimbo matatu ya mawe, kwa siku tofauti za wiki. Kila mwajiri akitaka daktari wake peke yake, waajiri wadogo hawatampata kamwe.

Hapa niseme na waajiri. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inawataka mlinde afya na usalama wa wafanyakazi, na katika jambo hilo haikumwacha nje mfanyakazi wa sekta isiyo rasmi. Mchango wa ajali na magonjwa ya kazi mnaoupeleka RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii, asilimia 2 ya mshahara, mnaulipa ninyi peke yenu. Ni kosa kumkata mfanyakazi. Na tangu Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani limeiweka haki ya mahali salama pa kazi miongoni mwa haki za msingi kabisa, pamoja na ile ya kutofanyishwa kazi kwa nguvu. Hayo ni ya sheria. La kwangu ni jepesi zaidi: ukimwajiri daktari ili akusainie vyeti tu, umetupa pesa. Mwite atembee. Mwache aingie zamu ya usiku bila taarifa. Akikwambia vumbi limezidi, usiagize barakoa siku hiyohiyo ukadhani umemaliza. Uliza kwanza kama vumbi lenyewe linaweza kutozalishwa. Mawe yaliyomwagiwa maji hutoa vumbi kidogo zaidi kuliko makavu. Anayepasua akikaa upande upepo unakotoka, halimrudii usoni. Kwenye kiwanda, feni inayovuta vumbi pale linapozaliwa inamlinda kila mtu, hata anayesahau. Barakoa ni ngao ya mwisho, na iwe ile inayobana uso vizuri na yenye uwezo wa kuchuja vumbi laini. Kitambaa cha kitenge hakilizuii vumbi la kwazi.

Kisha kuna jambo la uaminifu, na hili linaniuma kuliko mengine. Wafanyakazi wengi hawamwamini daktari wa kampuni, na wana sababu ya kihistoria. Katika miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière ilichukua vijana kutoka Rwanda na Burundi kuwapeleka Katanga. Walipimwa na madaktari, ndiyo, lakini kipimo kilikuwa ni cha kujua nani ana nguvu za kutosha kwa mgodi, na wengi hawakurudi. Kumbukumbu ya namna hiyo hairithiwi kwa maandishi. Inarithiwa kwa tahadhari: mtu akiitwa kupimwa anajiuliza kama anatafutiwa sababu ya kufukuzwa.

Kwa hiyo, daktari kijana, weka mipaka yako siku ya kwanza, kwa maandishi, kabla hujapokea mshahara. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 161 wa mwaka 1985, unaohusu huduma za afya kazini, unasema mambo matatu ambayo ningependa uyaweke ukutani. Wahudumu hawa wawe huru kitaaluma mbele ya mwajiri na mbele ya wafanyakazi pia. Uchunguzi wa afya usimgharimu mfanyakazi chochote, usimkate mshahara, na kadiri inavyowezekana ufanyike saa za kazi. Na wasitumwe kuchunguza kama mtu aliyekosa kazini alikuwa anaumwa kweli. Hili la tatu ndilo litakaloleta ugomvi na meneja. Likatae kwa upole, na ulikatae kila mara.

Faili la mgonjwa ni lako na lake. Mwajiri anapewa jibu la aina tatu tu: anafaa kwa kazi hii, anafaa kwa masharti haya, au hafai kwa kazi hii kwa sasa. Mwandikie meneja kwamba fulani asibebe zaidi ya uzito fulani kwa miezi mitatu. Usimwandikie kwamba ana mimba. Na VVU visipimwe kabisa kama sharti la kupata au kubaki na kazi. Pendekezo namba 200 la mwaka 2010 la Shirika la Kazi Duniani liko wazi juu ya hilo, na daktari anayelikiuka mara moja tu amewapoteza wafanyakazi wote wa kiwanda hicho, kwa sababu habari hufika Mahoko kabla yake.

Nanyi mnaofanya kazi, msikae kimya mbele ya daktari. Hata asipouliza, mwambieni: nimepasua mawe miaka tisa, nimechimba madini miaka minne, mahali fulani. Mkianza kazi mpya yenye vumbi au kelele, ombeni kupimwa kabla ya kuanza, na mtunze nakala pamoja na kadi ya mituweli, ile ya bima ya afya. Magonjwa mengine ya kazi hutokea mtu akiwa ameshaondoka, na bila karatasi ya zamani ni vigumu kumshawishi yeyote kwamba mapafu hayo yaliharibikia kule. Tunzeni pia hati za malipo, hata zikiwa vipande vya daftari vyenye saini ya kapita, yaani msimamizi wa kazi. Nguo ya kunyunyizia dawa ifuliwe peke yake. Kopo la dawa lisigeuzwe kuwa la maji, hata lioshweje.

Nimeliacha la mashimo mpaka sasa kwa sababu ndilo linaloua kwa dakika. Watu wa Goma na wa ufukwe wa Kivu wanalijua neno mazuku: hewa mbaya, gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini katika nchi hii ya volkano na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kutulia mabondeni na mashimoni bila rangi wala harufu. Mashimo ya vyoo yana gesi zake pia, na mashimo ya madini yana zake. Mara nyingi anayekufa si mmoja. Wa kwanza anaanguka, yede wake, yaani msaidizi wake, anaruka ndani kumwokoa, naye anaanguka, kisha anashuka ndugu yake. Hakuna daktari atakayewahi kufika hapo. Kazi yake katika kifo cha namna hii hufanyika wiki kadhaa kabla, anapoketi na kapita na mafundi na kuwafundisha, kwa mazoezi na si kwa mdomo tu: hewa ya shimo ipimwe kwa kifaa, na kama hakipo, hakuna anayeshuka kwenye shimo lililolala limefungwa mpaka hewa mpya isukumwe hadi chini. Kibatari au kiberiti kisitumike kupimia, maana gesi ya choo inaweza kulipuka. Anayeshuka afungwe mkanda wenye kamba, na ncha ya kamba ishikwe juu na watu wawili wasiokuwa na kazi nyingine yoyote. Akinyamaza, wanavuta. Hawashuki. Kamba hiyo anafungwa akiwa bado juu, anacheka na wenzake, na shimo linaonekana halina neno.